Ugomvi wa Waafrika

Jumamosi moja mchana nilimmwagia mwanamume maji ya ugali usoni, yakichemka, na mpaka leo sijamwomba mtu yeyote msamaha. Naanza na hilo ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ngumi, na mkunga akataka kuzikunjua akashindwa.

Nilikuwa nakaa Al Nahda, upande ule ambao ukivuka barabara umeshaingia Sharjah. Ilikuwa flati ya vyumba viwili, iliyogawanywa kwa mbao na mapazia mpaka sebule nayo ikawa vyumba. Hakuna aliyekuwa na chumba pale, mtu alikuwa na kitanda. Wa zamu ya usiku walilala wakati wa zamu ya mchana wako kazini, na ukirudi ukakuta mto una joto la mwenzio unaugeuza tu na kulala. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika hoteli moja Al Garhoud, kwenye kumbi za mikutano: napanga viti, namimina kahawa, naokota vikombe. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Mganda, mlinzi wa usiku katika ghala, mwanamke mrefu, mpole, asiyependa maneno. Kwao alikuwa amelelewa akipasua kuni, na mabega yake yalisema hivyo.

Sheria ya flati yetu ilikuwa moja: mlango haufunguliwi. Atakayebisha abishe mpaka achoke. Kugawa flati kwa mbao ni kosa, kwa hiyo anayebisha huenda ni mkaguzi. Tena kuna wanaume wa jiji lile wanaodhani mlango wanaokaa wanawake weusi ni duka. Mwaka wa kwanza alikuja mmoja amelewa, akaupiga teke mlango mpaka bawaba ikalegea, akiita kwa Kiingereza, "African, African, open." Tulikaa ndani kimya, kila mmoja kashika alichopata, sufuria, kisu, chupa. Aliondoka, lakini kabla ya kuondoka alikojoa kizingitini. Sisi ndio tuliosafisha, na mwenye jengo akatuonya sisi kwa kelele.

Ijumaa zangu za mapumziko nilikuwa nakwenda Al Twar kumsuka nywele mama mmoja wa Kizanzibari. Sisi tulimwita Bi Mkubwa. Wazee wake walihama Unguja zamani, kule kulipochafuka, na yeye akakulia Dubai, akaolewa Dubai, akazaa wanaume ambao sasa wana ofisi zao serikalini. Kiarabu chake kilikuwa cha mwenyeji kabisa. Lakini nyumbani mwake Kiunguja kilikuwa hai, na nywele zake alitaka zisukwe twende kilioni, kama alivyosukwa na bibi yake. Hakuna saluni ya Al Twar iliyojua mtindo huo. Mimi, mtu wa Nyahururu, niliufundishwa na yeye mwenyewe, kwa kupigwa vikofi vya mkono kila nilipokosea njia.

"Nyie watu wa bara," alikuwa akinambia, kichwa kikiwa mapajani mwangu, "mwapenda kelele. Mwaja hapa mwakaa kama mko gulioni. Sie watu wa hapa twawaangalia tu."

"Kwani Bi Mkubwa wewe si Mwafrika?"

"Mie mtu wa Dubai, mwanangu. Suka."

Basi nasuka, nacheka. Alikuwa mweusi kuliko mimi. Siku moja alinisimulia kwamba alikwenda hospitali kumwona mjukuu, muuguzi akamsogelea akamuuliza taratibu, kwa Kiingereza cha kumsemesha mtoto, madam wake yuko wapi. Alisimulia kama kichekesho. Nilicheka naye, lakini niliona hakurudia kisa kile tena, naye kwa kawaida kisa kizuri hukirudia mpaka kikachuja.

Jumatano moja alinipigia simu nikiwa nakunja vitambaa vya meza. "Ukitoka kazini njoo. Usiniulize."

Nilimkuta stoo, nyuma ya jiko lake. Chini, juu ya mkeka, alikuwa amekaa msichana wa kwetu Kenya, kutoka bara ya Kilifi, mwembamba, macho yamevimba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kanga. Bi Mkubwa aliifungua ili nione. Katikati ya kiwiko na kifundo mkono ule ulipinda mahali ambapo mkono haupindi, na ngozi imevimba mpaka inang'aa. Kisha akamgeuza, akashusha gauni begani. Hapo palikuwa na alama ya pasi. Si doa la kuungua tu. Ilikuwa pasi nzima, ncha yake juu, imechorwa ikachoreka. Kisogoni palikuwa na mahali hapana nywele, na pale palipokuwa na nywele palikuwa na kigaga.

Alikuwa mtumishi wa nyumba ya pili kutoka kwa Bi Mkubwa. Jumanne alikuwa ameingiza shati jeupe la mtoto wa nyumba kwenye mashine pamoja na nguo nyekundu. Madam akaliona limegeuka rangi. Alimshika mkono, akauweka kwenye fremu ya mlango wa chumba cha kufulia, akaufunga mlango kwa nguvu. Kisha akaufungua, akaufunga tena. Asubuhi msichana alitumwa kutupa taka kwa mkono uliobaki. Kwenye pipa la nje akalia, "Mama yangu wee, mama yangu," na Bi Mkubwa, aliyekuwa uani anamwagilia maua, akasikia. Miaka yote nyumba ile ilikuwa na watumishi wanaolia, aliniambia, lakini hakuna aliyewahi kulia kwa lugha ambayo hangeweza kujifanya haielewi.

Nikasema twende hospitali sasa hivi. Msichana akatikisa kichwa. Hospitali wangetaka kitambulisho, kitambulisho kilikuwa kwa madam pamoja na pasipoti, na madam alikuwa ameshapeleka habari kwamba mtumishi wake ametoroka. Aliyetoroka akionekana anakamatwa yeye. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na sisi kamba yetu imeshikwa na kafeel, mwajiri aliyetudhamini. Ofisi ya ubalozi wetu, tulipoipigia, ilisema aletwe Jumatatu, wangempokea na kushughulikia safari. Kwa hiyo ilikuwa ni kumficha mpaka Jumatatu, basi.

"Polisi siwaogopi sana, dada," msichana aliniambia. "Nawaogopa watu wa ajensi iliyonileta. Kabla yangu kulikuwa na msichana mwingine pale. Alitoroka, wakamtafuta, wakampata wao kwanza. Walimfungia mahali wakampiga, halafu wakampeleka nyumba nyingine mbali huko jangwani. Simu yake haijawahi kupatikana tena. Wakinipata wao kwanza mimi sifiki kwetu."

Mwana mkubwa wa Bi Mkubwa alirudi kutoka ofisini, akamwona, akasema kwa upole kabisa kwamba hataki kumwona tena akirudi kutoka swala ya magharibi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye cha kupoteza. Bi Mkubwa hakubishana naye. Alimvisha msichana abaya yake mwenyewe, akamfunika uso, akamwendesha kwa gari lake mpaka Al Nahda, mimi nimekaa nyuma nimemshikilia mkono usitikisike. Kila tuta la barabara alikuwa anauma meno. Hakulia.

Alhamisi nilikwenda kazini. Ukumbi mkubwa ulikuwa umekodishwa kwa mkutano kuhusu uhamiaji. Watu kutoka nchi nyingi, suti nzuri, kila mmoja na kadi shingoni. Nilisimama nyuma na birika la kahawa nikasikiliza, maana kusikiliza hakukatazwi. Walizungumza juu ya mashua za Bahari ya Kati. Walizungumza juu ya wahandisi, wataalamu wa kompyuta, madaktari wanaohama na kuacha nchi zao. Mmoja akawasha ramani ya Afrika ukutani, yenye mishale myekundu inayotoka huku na kule, na mishale yote ikapanda kaskazini, Ulaya. Niliitazama ramani ile mpaka kahawa ikapoa mkononi. Hapakuwa na mshale hata mmoja uliogeuka kulia kuja tulikokuwa tumesimama. Tulikuwa weusi wengi ndani ya ukumbi ule siku ile, na karibu wote tulikuwa tumebeba trei. Nilitaka kusema, jamani, geuzeni shingo. Msimamizi wangu akanigusa kiwiko, "Yalla, meza ya mbele haina maziwa."

Nilipeleka maziwa. Mwanamke mmoja wa meza ile, mwenye sauti ya huruma, alikuwa anamwambia mwenzake kwamba Ghuba ni suala la mikataba ya kazi, si suala la uhamiaji hasa. Nikamiminia kikombe chake mpaka kikafurika kwenye kisahani. Hiyo ndiyo hotuba niliyotoa katika mkutano ule.

Ikafika Jumamosi. Wenzetu wengi walikuwa kazini. Flatini tulibaki watatu: mimi jikoni, Mganda amelala baada ya zamu, na msichana nyuma ya pazia la kitanda changu. Nilikuwa nimeinjika maji ya ugali, yanachemka, unga uko pembeni.

Mlango ukabishwa. Nilizima redio. Ukabishwa tena, kwa vidole, kwa adabu.  Kisha ikaja sauti ya mwanamume, laini, ya pwani, imepakwa asali.

"Hodi! Hodi wenyewe! Hodi jamani!"

Watu wa nchi nyingine hawatalielewa jambo hili. Mlango unabishwa na kila mtu, lakini hodi haiitwi ila na mtu wa kwenu. Na hodi haiachwi hewani. Aliyelelewa kule kwetu anajua kwamba hodi ya mara ya tatu ikikosa jibu, ama nyumba ina msiba ama wenyewe hawana utu. Mimi mwenyewe, na ukorofi wangu wote, ulimi ulinicheza. Nilijizuia. Lakini yule msichana alikuwa amekaa nyumba ya watu karibu mwaka mzima, akiitwa kwa kupigiwa makofi na kwa kengele, na katika muda wote huo hakuna binadamu aliyemwambia hodi. Nilimsikia nyuma ya pazia akijibu, kwa sauti ya kike ya heshima, kama yuko kwa mama yake.

"Karibu!"

Na kabla sijaweka mwiko chini alikuwa ameshafika mlangoni akavuta komeo kwa mkono wake mzima.

Waliingia wawili, watu wa ajensi; nani aliwaelekeza kwetu sijajua mpaka leo. Wa mbele ndiye mwenye ile sauti, mtu wa kwetu kabisa, mnene wa shingo, fulana imembana. Wa nyuma sikumwangalia sana. Yule wa mbele alicheka, akasema, "Ahsante mwanangu," akamkamata. Akamkamata mkono gani? Ule ule. Aliufunga kiganja chake juu ya pale palipovunjika akavuta, kama mtu anayevuta mbuzi. Sauti iliyotoka kwa yule msichana sijaisikia tena na sitaki.

Nilimpiga mwiko wa kichwa. Mwiko wa mvule, nilioubeba kutoka nyumbani ndani ya sanduku, ulivunjika vipande viwili. Hakumwachia. Alinigeukia akanipiga ngumi ya mdomo, nikaona mwanga, nikalamba chumvi, na jino likawa juu ya ulimi wangu kama punje ya mahindi. Nililitema. Nikarudi nyuma hatua moja, nikashika sufuria kwa mikono mitupu bila kitambaa, nikamrushia maji yote.

Hapo ndipo alipomwachia. Alipiga ukelele, akaenda akigonga mbao za vyumba vyetu, ukuta mmoja ukaanguka, na nyuma ya ukuta alikuwa Mganda, amekaa kitandani, macho mekundu ya usingizi.

"Banange," alisema. "Nani anapiga watoto?"

Hakuuliza la pili. Aliinuka akamshika yule wa nyuma kwenye kola na suruali, akamtupa kwenye jokofu. Yule mtu aliinuka na kisu cha mezani alichokiokota sijui wapi, akamchana Mganda mkono kuanzia kiwiko kushuka. Damu ikaruka mpaka kwenye dari. Mganda akautazama mkono wake kwa mshangao, kama mtu aliyemwagiwa chai, kisha akampiga kichwa usoni. Nikasikia pua ikivunjika. Yule aliona damu yake, akaona na ya mwenzie, akakimbilia ngazi akashuka na hatukumwona tena. Yule wa sauti ya asali alikuwa sakafuni, anajipapasa macho, na mimi nilikuwa juu yake nampiga kwa sufuria tupu. Sikuwa nampiga yeye peke yake, nitasema ukweli. Nilikuwa nampiga aliyekojoa kizingitini. Nilikuwa nampiga mwenye pasi. Nilikuwa napiga ramani ile ukutani. Mganda ndiye aliyeninyanyua kwa mkono wake mzima akasema, "Khalas, nyabo, inatosha. Atakufa."

Milango ya flati nyingine ilikuwa imefunguliwa. Majirani walikuwa wamesimama na simu juu, wanatupiga picha. Hakuna aliyeingia. Polisi walipofika, na walifika haraka, jirani wa mlango wa mbele aliwaeleza kwa ufupi.

"Africans fighting, sir. Always."

Tukachukuliwa: msichana, Mganda, mimi, na yule mwanamume, uso wake umetoka malengelenge. Mganda alifungwa bandeji garini. Msichana alijifunga kanga yake mwenyewe.

Afisa aliyetushughulikia kituoni alikuwa kijana, ana adabu, amechoka. Ningependa kumchukia lakini hakunipa nafasi. Alituletea maji. Alitusikiliza kila mmoja kidogo, kwa Kiingereza, kisha akatuambia jambo ambalo kwake lilikuwa jema: tusameheane. Kila mmoja aseme hana madai juu ya mwenzie, faili lifungwe, twende zetu. Mwanamume wa ajensi angemchukua msichana amrudishe kwa kafeel wake, kwa kuwa ameripotiwa ametoroka. Magharibi ingetukuta nyumbani, inshallah.

"Sir, mwangalie mkono," nilisema. Maneno yalitoka na damu.

Aliutazama. "Umevunjika kwenye ugomvi?"

 Nikisema ndiyo, umevunjwa na sisi. Nikisema hapana, nani aliuona ukivunjwa? Yule mwanamume hakungoja. "Hawa wanawake walikuwa wanamvuta, sir. Huyu huku, huyu huku. Mimi nilikuja kumwokoa." Alisema kwa utulivu kabisa, macho yamevimba, na uongo wake ulikaa vizuri kwenye chumba kile kuliko ukweli wetu. Waafrika wamegombana, mkono wa Mwafrika umevunjika. Kuna nini tena cha kuuliza?

Niliomba kupiga simu moja. Nilimpigia Bi Mkubwa.

Alikuja peke yake, abaya nyeusi, mkoba, harufu ya udi ikatangulia kabla yake. Afisa alisimama. Alimwita khalti, yaani mama mdogo, akamvutia kiti karibu na meza yake. Walizungumza Kiarabu kwa heshima nyingi. Nilikuwa nashika neno moja moja, mengine alitueleza Bi Mkubwa baadaye. Alimweleza habari za mlango wa chumba cha kufulia. Afisa alisikitika kwa kweli, lakini akasema khalti hakuona kwa macho yake, na nyumba ile ni ya watu wa heshima, na haya, mwisho wa yote, ni mambo ya Waafrika wenyewe kwa wenyewe. Khalti arudi nyumbani akapumzike.

Ndipo yule mwanamume wa ajensi alipofanya kosa. Aliona mama wa Kizanzibari, akadhani anaweza kuongea naye lugha ya nyumbani. Aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Mama, wewe mtu wa heshima, usijichafue. Huyu ni kijakazi wa watu. Ana wenyewe."

Sijui watu wa nchi nyingine wanalisikiaje neno hilo. Mtu wa Unguja hulisikia kwa mifupa. Bi Mkubwa aliinuka taratibu. Aliinama, akavua kiatu chake cha mguu wa kulia, akatembea mguu mmoja peku mpaka kwenye benchi letu, akampiga nacho usoni, juu ya malengelenge. Akampiga tena upande wa pili. Ngozi ilichanika. Yule mwanamume alilia kama mtoto, na afisa akaruka juu ya meza yake.

"Khalti! Khalti, la!"

Alimshika mkono, akamrudisha, akamwomba akae. Mwenzake wa meza ya pili, mtu mzima, aliyekuwa anaandika bila kuinua kichwa, akauliza wa ugomvi ni wangapi.

"Arba'a," afisa alijibu haraka. Wanne.

"Khamsa," alisema Bi Mkubwa.

Afisa alimwambia hakuna aliyeona kitu, khalti aende nyumbani, yeye mwenyewe atampeleka mpaka garini. Bi Mkubwa akamjibu kwamba amempiga mtu mbele ya afisa, ndani ya kituo, na kama si hasira za Waafrika basi ni hasira za nani? Aandikwe. Kisha akaja akakaa kwenye benchi letu, katikati yangu na msichana, kiatu mkononi.  Nilimpenda wakati ule kwa namna inayouma.

Sasa faili halikufungika. La watu wanne ungeweza kulifunga kwa saini nne. Wa tano alikuwa na wana wenye ofisi, na wana wale walikuwa tayari njiani. Afisa alikuwa amefuta jasho mara mbili. Bi Mkubwa akashika kichwa, akasema presha yake imepanda, na midomo yake kweli ilikuwa imebadilika rangi. Daktari akaitwa mbio. Sisi tulikuwa tumekaa pale tangu mchana, mmoja ana mkono uliochanwa, mmoja hana jino, mmoja ana mfupa uliopinda, na daktari hakuwa amepita akilini mwa mtu.

Yaliyofuata nayasema hapa kwa haraka, maana si kwayo nataka kumalizia. Msichana alifika kwao. Alipitia hospitali, pasipoti ikaletwa na dereva wa ile nyumba, akapandishwa ndege, marufuku kurudi, kana kwamba alikuwa na hamu. Mkono haukunyooka. Madam sijui. Taa za nyumba ile zinawaka, nami sijasikia aliyeulizwa. Hotelini niliondolewa ukumbini nikapelekwa kuosha vyombo, kwa sababu ya mdomo. Bi Mkubwa alikatazwa na wanawe asiniingize tena kwao, kwa hiyo sasa yeye ndiye anayekuja Al Nahda, anapanda ngazi anahema, anakaa sakafuni kwenye flati yetu na kulalamika kwamba watu wa bara hatujui kufagia. Bado ni mtu wa Dubai. Nimemwacha na Dubai yake.

Lakini nataka kumalizia kwa daktari. Alikuwa Mmisri mwenye nywele za mvi, ameingia na mkoba wake akapiga magoti moja kwa moja mbele ya Bi Mkubwa. Alimfunga kipimo mkononi, akapuliza, akasikiliza. Na kwa kuwa msichana alikuwa amebanana naye kwenye benchi, ule mkono wa kanga ulikuwa chini ya pua yake. Aliutazama mara moja, akarudi kwenye kipimo. Akautazama tena. Akaifungua kanga kwa vidole viwili, akaugusa mfupa, msichana akauma meno. Daktari akageuka akamwambia afisa jambo kwa Kiarabu, na hili nililielewa bila kutafsiriwa, kwa jinsi uso wa afisa ulivyobadilika. Mfupa huu si wa leo.

Kisha akamuuliza msichana mwenyewe. Bi Mkubwa akalileta swali kwa Kiswahili, polepole.

"Auliza, mwanangu, uliumia lini, na nani kakuumiza."

Msichana alinitazama kwanza mimi, kama anayeomba ruhusa. Tangu atoke kwao, nadhani, hakuna aliyekuwa amepiga magoti mbele yake akamuuliza kitu na kungoja jibu.

"Jumanne," alisema. "Ni madam. Aliufunga mlango mara mbili."

Bi Mkubwa akalitafsiri jibu neno kwa neno, na afisa, aliyekuwa ameshaiweka kalamu yake mfukoni, akaitoa.